Weupe wa Macho ya Dobi

Baba Mdogo akiogopa hapigi kelele. Anapiga pasi. Nimeishi naye tangu nilipoletwa kwa Bibi ili nisome, na nimeshamjua: akiwa na raha anaimba vibaya, anatania wateja, anaunguza hata leso za watu. Akiwa na hofu ananyamaza, na nguo zinatoka zimenyooka kama karatasi mpya. Kwa hiyo siku aliyorudi kutoka hospitali na majibu ya makohozi, akapita moja kwa moja hadi kibandani bila kumsalimia mtu, akatia mkaa kwenye pasi na kuanza kunyoosha rundo la mashuka, mimi na Bibi tuliangaliana tu.

Kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba yetu. Kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba za kuning'inizia mashati, kioo kidogo kilichopasuka pembeni, na paa la turubai la buluu. Hilo turubai alilichagua makusudi. Nguo nyeupe ikikaa chini ya buluu inang'aa kuliko ilivyo, na mteja akija kuchukua shati lake anahisi amenunua jipya. Lakini yeye mwenyewe haliamini. Hajawahi kusema nguo nyeupe imetakata kabla hajaitoa nje juani, akageuza kola, akakunja uso kama anayeonja chumvi. Nilimuuliza kwa nini. Mimi huuliza kwa nini mpaka amenibandika jina hilo, Bi Kwa Nini.

"Turubai ni la kumfurahisha mteja," alinijibu. "Jua ni la kunisuta mimi."

Siku ile ya majibu Bibi alimfuata hadi mezani.

"Mwanangu, wamesemaje?"

Pasi ikaenda, ikarudi. "Kifua kikuu, Mama."

Bibi akaketi juu ya karai lililopinduliwa. "Kama mwenzako?"

"Kama mwenzangu."

Mwenzake alikuwa fundi baiskeli aliyekuwa na kijiwe mbele ya nyumba yetu. Aliugua kifua kikuu, akaanzishwa dawa, kikohozi kikaisha, akanenepa, akaona ya nini kujichosha, akaziacha. Ugonjwa ukarudi na nguvu mpya, na dawa zile zile hazikuushika tena. Baba Mdogo ndiye aliyefua mashuka yake ya mwisho. Tangu hapo alikuwa na maneno haya tu kichwani: ukiacha dawa, umekwisha. Alikuwa akiyasema peke yake huku anasuuza nguo, kama mtu anayekariri.

Shule ilikuwa imefungwa, nikamsindikiza kliniki ya kifua. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na miwani yake ilikuwa imeungwa kwa plasta ya kidonda. Alifungua madirisha yote kabla hajaketi. Akatuonyesha vidonge vyenyewe, rangi ya matofali, akasema kila kimoja kina dawa kadhaa ndani yake zilizochanganywa.

"Kwa nini zichanganywe?" nikauliza.

Baba Mdogo akanikanyaga mguu. Muuguzi akatabasamu.

"Kwa sababu huyu mdudu ni mjanja. Ukimfuata na dawa moja, anajifunza kuikwepa. Ukimzingira na kadhaa kwa pamoja, anakosa pa kutokea. Ndiyo maana huvunji nusu, huchagui siku, wala humgawii jirani anayekohoa." Kisha akamgeukia mgonjwa wake. "Unameza asubuhi, tumbo tupu, kwa maji. Pombe hapana. Ukitaka kutumia dawa nyingine yoyote, ya dukani au ya mizizi, unaniambia kwanza. Mkojo wako, jasho, mate, hata machozi yatageuka rangi ya chungwa. Hiyo ni rangi ya dawa, usishtuke. Lakini macho yakiwa ya manjano," hapo akavua miwani, "au ukatapika, ukachukia chakula, mkojo ukawa wa giza kama chai iliyokolea, usingoje siku yako ya kliniki. Usimeze tena, njoo hapa siku hiyo hiyo. Ukiona ukungu machoni au miguu ikifa ganzi, njoo vile vile. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Sista. Nisiache hata siku moja."

"Sikusema hilo tu."

"Nimeelewa, Sista."

Nilimtazama mikono. Alikuwa ameukamata ule mfuko wa dawa kama mtu aliyening'inia kwenye tawi na chini yake kuna mto. Nadhani mengine yote yalimpita.

Mimi na Bibi tukapimwa pia, tukakutwa salama, na nyumbani madirisha yakawa wazi mchana kutwa. Bibi akajipa kazi ya kushuhudia. Kila asubuhi anaketi mbele ya mwanawe na kikombe cha maji, anamwangalia anavyomeza, halafu anamwambia, "Fungua mdomo," kama vile bado ni mtoto wa kuiba sukari. Naye anafungua.

Kisha ikaja asubuhi ya shati la mwalimu mkuu. Madobi waliojifunza zamani hawakuwa na chupa za kunyunyizia. Wanachukua funda la maji, wanapuliza kwa mdomo, na maji yanatua kwenye kitambaa kama umande. Baba Mdogo alifundishwa hivyo na dobi aliyemlea kazini. Muuguzi alikuwa amemkataza, kwa kuwa kifua chake kilikuwa bado kinatoa vijidudu, naye akanunua chupa. Lakini mdomo ulishazoea. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kumeza vidonge, ana mawazo yake, akavuta funda akapuliza juu ya shati jeupe. Mwalimu mkuu wangu mimi! Kifuani kote pakatapakaa vidoa.

"Mama! Damu!"

Pasi iliachwa juu ya meza ikaanza kutoa moshi. Bibi alikuja mbio na mwiko mkononi. Fundi Viatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akachungulia.

"Bwana Pasi, unafua kwa juisi siku hizi?"

Mimi niliinama nikavitazama vile vidoa karibu kabisa. Vilikuwa vya chungwa, si vyekundu. "Ni mate," nikasema. "Ni rangi ya dawa. Sista alisema."

Baba Mdogo akashusha pumzi ndefu. Akacheka mpaka akakohoa, Fundi Viatu akarudi nyuma hatua, nasi tukazidi kucheka. Shati likalowekwa, likasuguliwa, likatoka salama. Tangu siku hiyo taulo likipata doa, rangi ya dawa. Mto wa kulalia, rangi ya dawa. Akikata vitunguu machozi yakimtoka, Bibi anamwambia afute rangi ya dawa. Tuliyazoea hayo maneno, yakatutuliza. Hatukujua kwamba tumeyazoea kupita kiasi.

Kikohozi kikapungua. Akaanza kuimba tena, vibaya. Ila viungo vikaanza kumuuma, magoti na vifundo, na dobi husimama siku nzima. Fundi Viatu, ambaye ana tiba ya kila kitu kwenye droo ya misumari, akampa vidonge vya maumivu. Vikamsaidia. Akanunua vingine dukani, akaviweka mfuko wa shati, na kila goti likimkumbusha alikuwa anatupia kimoja mdomoni kama karanga. Nilimwona mara nyingi. Sikuwaza lolote, kwa sababu nani asiyemeza vile vidonge? Kichwa kikiuma unameza. Hata shuleni tunagawana.

Halafu hamu ya kula ikamwisha. Alikuwa anakitazama chakula kama nguo ya mtu mwingine iliyoletwa kwake kwa makosa. Akaanza kutapika baada ya dawa. Bibi akasema ni tumbo tupu, litazoea. Alipomwambia Bibi kwamba mkojo umekuwa wa giza, Bibi akajibu bila kuinua kichwa: "Rangi ya dawa, mwanangu." Naye akaridhika. Mimi pia nilikuwa hapo, nikimenya viazi, nikaridhika.

Nguo nyeupe ndizo zilizomfichua. Nilikuwa natoka shule, jua kali, naye alikuwa uani anaanika mashuka. Alikuwa amesimama kati ya mashuka mawili meupe aliyokwisha kuyakagua, weupe wake hauna lawama. Akageuka kuniita nimletee vibanio. Nikayaona macho yake.

Yalikuwa ya manjano. Manjano kama ya nguo nyeupe iliyosahaulika sandukuni miaka na miaka.

"Baba Mdogo. Macho yako."

"Yamefanya nini?"

"Ni ya manjano."

Akanitazama kidogo, akacheka kicheko kifupi. "Rangi ya dawa."

"Hapana! Hii siyo. Sista alisema hii ndiyo ya kuogopa, alivua hadi miwani, hukumbuki?"

Akatupa shuka begani, akaenda kibandani chini ya turubai, akachukua kile kioo kilichopasuka na kuvuta kope la chini kwa kidole. Nikamfuata. Nikayaona, na kwa kweli yalionekana meupe. Buluu ya turubai ilikuwa imeyasuuza. Ndipo nilipofahamu kwa nini hatukuona siku zote zile. Anaamka, anaingia humo, akitoka juani macho yameinamia nguo, na akimaliza jua limezama.

"Unaona?" akasema. "Meupe. Usinitie wasiwasi, Bi Kwa Nini, nina kazi."

"Wewe nguo ungeiamini humu ndani?"

Akakitia kioo mfukoni mwa suruali.

"Mteja akikuletea shati, ungesema limetakata bila kulitoa nje? Toka na kioo, Baba Mdogo. Toka tu. Kama nimekosea, nichape."

Akawasha pasi. Nilitaka kulia. Alichukua suruali ya mtu, akaanza kuipiga pasi kwa utaratibu, mkunjo juu ya mkunjo, na nikajua ameshaogopa kuliko mimi. Nikamwita Bibi, nikamwambia habari ya macho. Bibi alifika, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Akamnyang'anya pasi, akaiweka chini, akamshika mkono kama mtoto wa kupelekwa kuoga, akamtoa hadi katikati ya ua.

Alisimama pale na kioo kwa muda mrefu. Alifunika jicho moja, akaangalia jingine. Akavuta shuka lililokuwa kambani, akaliweka karibu na shavu lake, akalinganisha. Nilimwona anakunja uso vile vile anavyoukunja kwa kola. Kisha kioo kikashuka.

"Hii si rangi ya dawa," akasema polepole.

"Basi twende hospitali," nikasema.

"Wataniambia niache."

"Ndiyo, Sista alisema—"

"Nikiacha ninakufa!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Majirani walisikia. "Mliona mwenzangu alivyokwenda? Mliona? Aliacha! Mimi sijaacha hata siku moja, sijaruka hata moja, Mama ni shahidi, halafu niende nikajipeleke mwenyewe wanipokonye?"

Bibi akamshika mkono tena. "Mwanangu, mwenzako aliacha kwa kichwa chake. Wewe utaachishwa na wenye kujua. Vaa viatu."

Alivaa viatu.

Kliniki ilikuwa inakaribia kufungwa. Muuguzi hakuhitaji kuelezwa. Alimpeleka dirishani kwenye mwanga, akamvuta kope, akambonyeza tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, Baba Mdogo akashtuka kwa maumivu. Nilisoma shuleni kwamba ini liko hapo. Nikajuta kujua.

"Ulianza lini kutapika?"

"Si zamani sana, Sista."

"Kwa nini hukuja?"

"Nilifikiri nikija mtanikatisha."

Muuguzi hakumgombeza. "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

"Hakuna. Nakuapia."

"Ya mizizi?"

"Hakuna, Sista. Ni hizi zako tu."

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake, na kutoka hapo niliuona mfuko wa shati lake umevimba. Nilisita. Ni baba yangu mdogo, kumwumbua mbele ya watu ni aibu. Lakini nilimwona Bibi anavyoisokota kanga yake, nikasema, "Na vile vya maumivu, Baba Mdogo?"

Akageuka. Hakukasirika. Alishangaa kweli kweli. "Hivi?" Akavitoa mfukoni. "Hivi navyo ni dawa?"

Muuguzi akavipokea. "Unameza vingapi kwa siku?"

"Goti likiuma."

"Linauma mara ngapi?"

"Haliachi."

Muuguzi akafumba macho kidogo, akafumbua. Akaeleza kwamba dawa za kifua kikuu zinapita kwenye ini, na zinaweza kulichosha hata bila msaada wa mtu. Vile vya maumivu navyo, vikimezwa ovyo na kwa wingi, vinapita kwenye ini hilo hilo na kulipiga. Lilikuwa limebebeshwa mizigo miwili. Hata yale maumivu ya viungo, akasema, mara nyingi yanatokana na dawa zenyewe, na yana namna yake ya kutibiwa. "Ungeniambia tu. Ungesema, Sista, goti linaniuma. Basi."

"Sikujua kama goti linahusu kifua."

"Sasa sikiliza. Kuanzia leo huzimezi. Zote. Hizi za kifua na hizi za mfukoni. Unalazwa hapa, tunapima damu, tunangoja ini litulie."

Ndipo Baba Mdogo alipofanya jambo ambalo sitalisahau. Mtu mzima, mwenye ndevu, alimshika muuguzi ncha ya koti kwa vidole viwili. "Sista, tafadhali. Niachie japo nusu. Usinikatishe kabisa."

"Ndugu yangu, ukiendelea leo, zinaweza kukuua kabla ya ugonjwa. Sikukatishi. Ninakusimamisha. Mimi ndiye ninayekusimamisha, na mimi ndiye nitakayekuanzisha."

Akaliachia koti. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya chungwa.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa mbaya. Nilikuwa napita hospitali kila nikitoka shule, nikimkuta ameketi kitandani karibu na dirisha, mikono haina la kufanya. Hakukuwa na pasi. Kila asubuhi, Bibi aliniambia, saa ya dawa ikifika anaamka mwenyewe, anaketi wima, anangoja, halafu anakumbuka hakuna cha kumeza. Alikuwa anasikiliza kifua chake kama mtu anayesikiliza mlango. Mara moja alikohoa, kikohozi kidogo tu cha mate kumpalia, na sote watatu tukaganda. Hakuna aliyepumua mpaka alipoinua mkono kuashiria amemaliza. Nilimwogopea huku, nikamwogopea kule: mdudu anaamka kifuani, au ini linakataa kupoa? Nilimwuliza muuguzi mdudu atajua lini kwamba dawa zimesimama. Akasema nisimpe mdudu akili nyingi hivyo, kuna muda, na wanaufuatilia. Alitabasamu; asingetabasamu ningemwamini zaidi.

Damu ilipimwa, ikapimwa tena. Bado. Bado. Macho yalianza kupauka kidogo. Kila nikifika ananipeleka dirishani kabla ya salamu. "Sema kweli." Nami nasema kweli, hata siku ambayo hayakuwa yamebadilika, na siku hiyo alijifunika shuka hadi kichwani.

Hatimaye muuguzi akaja na karatasi ya majibu na kikombe kidogo cha plastiki. Ini lilikuwa limetulia. Sasa wangeanza upya, ila si kwa mchanganyiko. Dawa zile zile, lakini moja baada ya nyingine, kabla mdudu hajapata muda wa kujifunza: wanampa moja, wanaangalia damu, ikikubali wanaongeza ya pili, mpaka waijue iliyomdhuru.

Nilidhani atairukia. Alikuwa ameililia dawa hiyo kama mtoto. Lakini alikipokea kikombe, akakitazama kile kidonge kimoja chini yake, akawa anakizungusha bila kukimeza, kikigonga kuta za kikombe, tik, tik, tik.

"Kama ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Tutaiona mapema, tutaitoa, tutaweka nyingine. Zipo."

"Na ikija polepole, nisijue?"

"Ndiyo maana uko hapa. Na ndiyo maana una mdomo."

Bibi akamwekea maji mkononi. Baba Mdogo akafunga macho, akameza. Akafungua mdomo bila kuambiwa, akamwonyesha muuguzi, akamwonyesha Bibi, na mimi pia.

Tukakaa. Muuguzi alikuwa ameshafika mlangoni alipomwita.

"Sista!"

Akarudi haraka. "Kuna nini?"

"Nimepata kwikwi."

Muuguzi akamtazama. Mimi nilibana midomo nisicheke, Bibi akanitupia jicho.

"Kwikwi nayo niseme?"

"Sema."

"Na mguu wa kushoto unawasha, karibu na kidole. Labda ni mbu."

"Sema tu."

"Na jana niliota naanguka."

Muuguzi akavuta kiti, akaketi, akatoa kalamu. Baba Mdogo hakuwa anatania. Jasho lilimlowesha paji la uso, vidole vimelishika shuka, akaendelea kueleza kila kitu mwilini mwake kuanzia utosini, kimoja kimoja, bila kuruka.